Pire Niliyoikataa

Kabla ya kuifungua katoni ya pire, itikise karibu na sikio. Ikiwa nzima utasikia mchakacho, kama majani makavu uani. Ikiwa imekunywa maji itakaa kimya, au itabingirika mara moja kwa kishindo. Hilo ndilo somo la kwanza, na mliochoka kusoma mnaweza kuishia hapa, maana nusu ya kazi yangu ilikuwa hiyo. Nusu iliyobaki ndiyo iliyoniketisha kuandika.

Nyinyi mnaobaki kwenye meza ya ukaguzi mliniomba niwaachie maelezo ya kazi. Siku ya kuniaga mlisema pia, mbele ya soda na keki, kwamba Mama Vero hajawahi kupitisha chakula kibaya. Nami nilitabasamu, nikakata keki. Mficha uchi hazai. Someni basi mpaka mwisho, kisha mwamue wenyewe kama keki ile ilikuwa halali yangu.

Nilifika Kolwezi kutoka kaskazini mwa Katanga nikimfuata mume wangu, aliyepata kazi kwenye mgodi wa shaba uitwao Mashamba. Mimi nikaandikwa kwenye depo ya vyakula vikavu, iliyolisha kantini za Kampuni ya migodi, za mjini, Kapata na Mutoshi. Tulikuwa na maharagwe, maziwa ya unga, samaki wa chumvi, na pire. Pire ni viazi vilivyopikwa ng'ambo, vikapondwa, vikakaushwa mpaka vikawa maganda membamba meupe. Unatia maji ya moto, vinarudi kuwa viazi vya kupondwa. Mwanzoni vilikuwa chakula cha wazungu na mainjinia, baadaye kila mwenye kadi ya kantini aliweza kununua. Palikuwa pia na vipande vya mraba ndani ya makopo makubwa kwa ajili ya jiko la wachimbaji, lakini hivyo havikunisumbua. Kopo likivimba linajishtaki lenyewe.

Siku ya kwanza nilijipaka manukato. Nilidhani kazi ya ofisi inataka hivyo. Mkuu wa depo alikuwa Mzee Kabeya, Tata Kabeya kama tulivyomwita, mwanamume mrefu, mpole wa sauti, mwenye pua kubwa ambayo hata mkewe aliitania. Alizaliwa Kolwezi hii hii. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai zamani, akaletwa kufanya kazi za reli. Alinikaribisha, akavuta hewa kidogo, akatikisa kichwa.

"Mama, unanukia muzuri sana," alisema. "Na ile njo matata. Enda kunawa kwanza, alafu tutaanza kazi."

"Niko na sabuni, tata."

"Hapana sabuni. Sabuni inadanganya pua. Maji tu na majivu."

Nikasugua shingo yangu kwa majivu kama sufuria. Nilirudi nimenuna, akanikabidhi vifaa vyangu: kisu cha kukatia katoni, chekeche dogo, kikombe cha bati, kijiko na glasi. Hakuna kingine. Mkisikia watu wanasifu mashine za kupima, wasikilizeni kwa adabu, lakini kwanza nuseni. Pire nzima inanuka viazi vya jana. Ikianza kunuka rangi ya mlango, mafuta yake yameharibika. Ikinuka karatasi mbichi, imekunywa maji. Chukua ngumi moja, ikamue, uifungue. Ikimwagika ni nzima. Ikibaki na alama za vidole vyako, andika.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha. Chakula ulichokikataa unakichora mstari mweusi, unakipeleka nyuma ya depo, unakimwagia petroli kwa mkono wako mwenyewe, na unasubiri mpaka kizikwe. Usimtume mtu. Nilimuuliza kwa nini tuharibu petroli nzuri kwa ajili ya viazi vilivyooza.

"Vero, mutu mwenye njaa haogopi mustari," alinijibu. "Anaogopa petroli."

Kosa langu la kwanza kubwa lilitoka Kapata. Mama mmoja aliingia kantini na sufuria, akaipindua juu ya meza ya muuzaji. Kilichokuwa ndani hakikuanguka. Mimi nilikuwa pale kuhesabu makopo.

"Munatuuzishia kole ya karatasi!" alifoka. "Bwana yangu alikula, meno yake ikashikana, akashindwa hata kunigombeza!"

Mwenzake kwenye mstari akamwambia: "Na unalalamika nini sasa, mama? Nipe adresi ya hii pire."

Watu walicheka, lakini wiki ile zilirudi sufuria nyingine, zote zikiwa na gundi. Nikachukua pakiti depo, nikachemsha maji, nikamimina pire, nikashika mwiko na kuisonga kwa nguvu kama mama yangu alivyonifundisha kusonga bukari, ugali wetu. Ikawa gundi kweli. Nikaandika kwamba shehena yote ni mbovu, izikwe. Nilijisikia mtaalamu.

Tata Kabeya alisoma karatasi yangu mara mbili. Hakucheka, na hilo sijalisahau, kwa sababu alikuwa na haki kamili ya kucheka.

"Ulipika namna gani?"

"Sawa vile bantu bote banapika, tata."

"Onyesha miye."

Nikamwonyesha, jasho likinitoka. Alinitazama mpaka nikamaliza, akaninyang'anya mwiko taratibu.

"Hii kiazi ilishapikwa kule kwabo, mama. Ilishachoka. Weye unaipika tena, unaipiga tena. Sasa angalia."

Akachemsha maji, akayaondoa motoni, akayaacha yapumue kidogo. Kisha akanyunyiza pire kama anayetia chumvi, akakaa. Mikono yake ilikuwa mapajani. Mimi ndiye niliyekuwa nikihangaika. Baada ya muda akaigeuza kwa uma mara mbili tu, ikawa laini, nyeupe, nzuri kabisa. Shehena yote ilikuwa nzima, na mimi nilikuwa karibu kuizika kwa sababu ya mkono wangu wa bukari. Nikaichana karatasi yangu.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda wawili Kapata, tukapika mbele ya kantini. Kuwaeleza akina mama kulikuwa rahisi. Kuwazuia kusonga ndiyo iliyokuwa kazi. Mwanamke wa Katanga ukimpa mwiko na kitu cheupe ndani ya sufuria, mkono wake hauombi ruhusa. Tulirudi Ijumaa tatu. Mwishowe walikubali kwamba pire inaliwa, ila wakaamua si chakula cha mtu mzima mwenye meno, ni cha vikongwe, wagonjwa na watoto walioachishwa ziwa. Mama wa Tata Kabeya, bibi aliyebaki na jino moja, alikula pire kila jioni na kuisifu kuliko nyama. Mimi nilipata marafiki wengi Kapata kwa njia ile, na jina langu likajulikana.

Kisha ikaja miaka ya kuanguka. Hamhitaji niwasimulie. Mashine zilisimama mojamoja, mishahara ikachelewa mpaka watu wakaacha kuiulizia, na siku za uporaji hata mabati ya paa yalishuka yakaenda zake. Meli za pire ziliacha kuja kwa ajili yetu. Tulinunua kidogo kidogo kwa Tata Ramazani, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Maniema, aliyeleta mizigo kwa lori kutoka upande wa Zambia. Yeye alikuwa mwaminifu, waliomuuzia hawakuwa. Pire ilifika imechanganywa na unga wa mahindi. Tata Kabeya alinifundisha kuitia kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu: pire inavimba na kutulia, mahindi yanazama chini kama mchanga. Ramazani alipooneshwa glasi yake ya kwanza alishika kichwa, akaapa, akarudi safari nzima kugombana. Tulimpenda kwa hilo.

Na kisha likaja lile ambalo sisi watu wa hapa tunalizungukia tunapozungumza. Waliozaliwa na baba wa Kasai waliambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Wengi hawajawahi hata kuiona Kasai. Kinywa ni jumba la maneno, na katika miaka ile maneno machafu yalitoka kwenye vinywa tulivyovijua, vya majirani, vya watu wa kanisani. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. Ni neno nililoliandika daftarini kila nilipochekecha pire na kuona kitu kinatembea. Siku nilipolisikia barabarani likipigiwa mama mwenye mzigo kichwani, nikaacha kuliandika.

Walikuja depo asubuhi moja, vijana na watu wazima, wakamwambia Tata Kabeya atoke. Alikusanya miwani yake na kikombe chake cha bati. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, chekeche mkononi. Mimi ni mtu wa kaskazini, hakuna ambaye angenifukuza, ningeweza kusema hata "mwacheni mzee avae koti." Nilichekecha pire ambayo ilikuwa imekwisha kuchekechwa. Yeye alipita karibu yangu na kusema tu, "Ubakie muzuri, Vero." Jioni nikasikia nyumba yake imechukuliwa, na kwamba yeye, mkewe na mama yake wako gare, wanasubiri treni pamoja na maelfu ya wengine.

Mkuu mpya alikaa ofisini wiki hiyo hiyo. Sitamtaja. Alinionyesha shehena ya mwisho ya pire, katoni arobaini chini ya ile sehemu ya paa iliyoporwa mabati.

"Mama Vero, andika kama iko bon. Tutauzisha kule ku gare. Bale bantu banaenda. Hakuna hata mumoja atarudia kulalamika."

Nilimwambia nitaangalia kwanza. Niliangalia siku mbili, katoni kwa katoni. Kumi na saba zilikuwa nzima. Ishirini na tatu zilikuwa zimekunywa mvua, zikiwa na madoadoa ya waridi na harufu ya karatasi mbichi. Nilizichora mstari mweusi zote, na kwenye karatasi nikaandika ukweli. Mpaka hapo Mama Vero wenu wa keki alikuwa bado yupo.

Nikaomba petroli.

"Petroli iko ya jenereta, mama. Enda ku nyumba. Bazamu batazika." Alimaanisha walinzi. Kisha akasogeza kiti cha Tata Kabeya, kile cha mbao chenye mto. "Na kesho utakala hapa. Weye njo unajua kazi."

Sitawadanganya. Nilijua. Nilijua sauti yake, nilijua kwamba hakuna mlinzi atakayechimba shimo kwa ajili ya katoni ishirini na tatu za chakula huku watu wananunua hata maganda. Lakini siku hiyo mtu alikuwa amenipigia kelele njiani, "mama ya Bakasai," na nilitaka kufika nyumbani. Tena nilikitazama kile kiti. Nilivua aproni, nikaaga, nikaenda.

Siku ya tatu tangu nilipoziacha zile katoni, saa sita mchana, nilikwenda gare nimebeba unga na chumvi kwa ajili ya mke wa Tata Kabeya. Nilichelewa kwa sababu ya aibu. Watu walikuwa wametanda kati ya reli, chini ya maturubai na vitenge, na sufuria, na vitanda vilivyofunguliwa. Nilimtambua kwa koti. Uso nisingeutambua. Pua ile ilikuwa imevunjwa siku walipomtoa nyumbani, imevimba, imekauka damu, na alipumua kwa mdomo.

"Vero!" alisema, na furaha yake ilinichoma kuliko tusi. Mkewe alinipisha nikae. Bibi alikuwa amelala na kichwa chake kwenye fungu la nguo. Tata Kabeya akatoa pakiti tatu ndogo za plastiki, pire iliyofungwa upya.

"Mama yangu hajakula tangu juzi, bukari inamushinda," alisema. "Nikanunua hii. Muuzaji anasema, Mama Vero njo alikagua. Basi nikanunua juu ya jina yako. Lakini pua yangu ilikufa, mama. Hainusi kitu. Nusa weye, alafu tupike."

Akanipa pakiti. Sufuria ya maji ilikuwa imeshachemka.

Sikuhitaji kuifungua. Niliibonyeza tu, na alama ya kidole changu ikabaki. Hata hivyo niliifungua, nikanusa, kwa sababu alikuwa ananitazama na kunusa kulinipa muda. Karatasi mbichi. Mkewe alikuwa ameshashika kijiko.

Ningeweza kusema imechafuka njiani. Ningeweza kumlaumu muuzaji. Niliogopa kuliko nilivyoogopa wale vijana wa depo, kwa sababu huyu mzee alikuwa amebakiwa na mama yake, mkewe, kikombe cha bati na imani aliyokuwa nayo kwangu. Nikasema.

"Tata, hii ni ile nilikatala. Nilichora mustari. Petroli sikumwanga."

"Alimwanga nani?"

"Hakuna mutu. Nilijua, tata. Nilienda ku nyumba."

Alizitazama zile pakiti, kisha akamnyang'anya mkewe kijiko, taratibu, kama siku ile alivyoninyang'anya mwiko. Nilitamani anipige. Alisimama, akavaa miwani.

"Basi twende," alisema. "Bantu banapika sasa hivi."

Tukapita turubai kwa turubai. Hakunisemea. Alikuwa akisimama, anawasalimu watu, kisha ananisogeza mbele, na mimi natakiwa kusema kwa mdomo wangu: "Mi njo Mama Vero wa depo. Nilikosa. Hii pire haiko muzuri, muilete." Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Mzee mmoja alinitemea mate kwenye kiatu. Wengine walikuwa wameshakula, walinitazama tu, wakawatazama watoto wao. Wachache walinipa pakiti. Tata Kabeya alizipokea, akazitia mfukoni mwa koti mpaka koti likavimba. Alikuwa anafanya kazi yake, bila depo na bila pua, na alinifanya mimi nifanye yangu.

Ile ndiyo mara ya mwisho tulipotembea pamoja. Unga wangu ulimfaa mama yake, wakamtengenezea uji. Treni yao iliondoka kesho yake asubuhi, nami nilikuwa kazini, kwenye kiti chake. Ndiyo, nilikikalia, na nilikikalia mpaka mliponiagia juu yake. Nimesikia kwamba bibi alifika Kasai, na kwamba Tata Kabeya alifika pia. Barua sikuandika, kwa sababu kila nilipoanza niliona ninaomba nisamehewe na mtu ambaye alikuwa na shida kubwa kuliko zangu. Nimemwaga petroli kwa mkono wangu kila mara tangu siku ile, na nyinyi mlicheka mkisema mama huyu anapenda petroli. Sasa mnajua.

Lakini kuna mtu mmoja wa ile siku ya gare ambaye jina lake sikuliuliza. Alikuwa mama kijana, mwisho kabisa wa mstari, karibu na behewa lililovunjika, mtoto mgongoni na mwingine wa miaka kama miwili miguuni. Nilimwambia maneno yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pakiti yake.

"Aksanti kwa kusema, mama," alisema. "Sasa batoto batakula nini?"

Unga nilikuwa nimeshautoa wote. Nilisimama pale na pakiti mkononi. Miaka yote nilikuwa nimejifunza kuondoa chakula, sikuwa nimejifunza kuweka kingine mahali pake, na hakuna karatasi ya kazi iliyokuwa na nafasi ya swali lile. Yule mama alinyoosha mkono akaichukua tena.

"Nitachagula miye mwenyewe."

Kwa sheria ya Tata Kabeya nilipaswa kuing'ang'ania. Nilimtazama mzee, naye akatazama pembeni. Nikatandika kitenge changu chini, nikakaa. Tulimwaga pire juu yake tukaanza kuchagua, ganda kwa ganda. Kila lenye doa la waridi nilitupa, kila lililoshikana na jingine nilitupa, yaliyobaki nilinusa kwenye kiganja, kidogo kidogo, mpaka kichwa kikaniuma. Jua lilikuwa kali. Kati ya pakiti nzima tulipata ngumi mbili. Sijui hata leo kama zilikuwa nzima. Zilikuwa nzima kadiri ya pua yangu.

Akapika vizuri, akaiacha itulie, mtoto mkubwa akashika ukingo wa sufuria kwa mikono miwili. Mama akachota kijiko. Hakukipeleka kwa mtoto. Alinigeuzia mimi.

"Anza weye," alisema.

Nikafungua mdomo. Alinitazama usoni nikitafuna, akanitazama nikimeza, akaendelea kunitazama muda mrefu baada ya hapo, na mtoto akilia. Kisha akachota kijiko kingine, akampa.